Rendaringi intenti ipi mnatumia kuchapa picha nyeusi na nyeupe? Buibui la bibi limekuwa donge jeusi

#1 Kibatari

Salaam wakuu. Nina jambo limenilia karatasi tangu Ijumaa.

Nina picha ya marehemu bibi mzaa mama, ilipigwa studio Unguja miaka ya 1960. Amesimama mbele ya pazia, uso wazi, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, amevaa buibui la kamba. Wanaolijua buibui la kamba wanajua lilivyo na mikunjo mingi. Kwenye picha yenyewe, ile ndogo ya saizi ya kadi, ukiielekeza dirishani unaihesabu mikunjo mmoja mmoja. Nimeiskani, na kwenye skrini ipo yote. Nikichapa A4 kwenye karatasi ya mati (isiyong'aa), buibui zima linakuwa donge jeusi, kama vile mtu kamwagia bibi wino kuanzia shingoni.

Printa ni Epson L805. Photoshop ndiyo inayosimamia rangi, profaili ya ICC (faili linaloieleza Photoshop jinsi printa na karatasi hii zinavyotoa rangi) nimepewa na muuza karatasi. Kwenye dirisha la kuchapa kuna rendaringi intenti nne, yaani njia za kuziingiza rangi za faili kwenye zile ambazo printa inaweza kutoa. Nilianza na relativu kolorimetriki, ndipo nikapata lile donge. Nikahamia peseptuali: mikunjo ikarudi, lakini uso wa bibi ukapauka kama umepakwa majivu. Nikajaribu absoluti: weupe wote umeingia usamawati.

Sasa swali langu. Picha haina rangi hata moja. Hizi intenti zinachezea nini humo ndani? Nyinyi mnatumia ipi? Natanguliza shukrani.

#2 Fundi wa Mwenge

Mkuu, hapo unapoteza muda. Intenti ni mambo ya rangi: gauni jekundu sana, bahari ya bluu sana, vitu ambavyo printa haivifikii. Picha ya kijivu R, G na B zinalingana, iko katikati kabisa ya uwanja wa rangi wa printa, hakuna kinachotoka nje. Skrini yako ina mwanga mwingi, ndiyo maana unaona mikunjo ambayo wino hauwezi kuitoa. Punguza mwanga wa skrini, chapa tena.

#3 Sanifu_Nrb

Fundi, naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu kosa hili nimeliona limeharibu kazi za watu wengi.

Uwanja wa rangi wa printa uchukulie kama chumba. Kuta ni rangi kali kabisa ambazo wino unaweza kutoa. Dari ni weupe wa karatasi. Sakafu ni weusi wa mwisho ambao wino huo unafika kwenye karatasi hiyo. Picha ya kijivu kweli haigusi kuta. Lakini sakafu inaigusa, tena kwa nguvu.

Kwenye kipimo cha L, 0 ni giza tupu na 100 ni weupe kamili. Karatasi za mati nilizopima mimi kwa spektro (kifaa cha kupimia rangi), weusi wake wa mwisho unacheza kati ya 15 na 18. Za kung'aa zinashuka hadi 4 hivi. Faili lako lina sehemu zenye 0, 5, 10. Kwenye mati sehemu hizo hazina pa kukaa, ziko chini ya sakafu, na intenti ndiyo inayoamua zipelekwe wapi.

Relativu bila ile blaki pointi kompensesheni (wengi tunaandika BPC, ni ile ya kuoanisha weusi wa faili na weusi wa karatasi) inazichukua zote na kuzilaza sakafuni. 0, 5, 10 na 15 zinakuwa weusi uleule mmoja. Hilo ndilo donge lako, Kibatari. Kisanduku cha BPC ulikitiki?

#4 Wino Sita

Mimi niko Mwanza, L805 kama yako, nachapa picha za send-off na mahafali. Natumia Lightroom na sijawahi kukiona hicho kisanduku. Kuna intenti mbili tu, peseptuali na relativu. Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikilaza watu sakafuni?

#5 Sanifu_Nrb

Hapana, kaka. Lightroom inaweka BPC yenyewe kila mara, haikuulizi. Photoshop ndiyo inayokuachia uamuzi.

#6 Chumba cha Giza

Wanangu, nawasoma. Nilianza kusafisha picha kwa mkono mwaka 1974, taa nyekundu, trei tatu, maji ya bomba.

Tatizo la Kibatari ni la zamani kuliko kompyuta. Negativu ina ngazi nyingi kuliko karatasi inavyoweza kubeba. Sisi tulikuwa na karatasi za gredi. Gredi laini ilikupa mikunjo yote ya buibui, lakini uso ukapoa. Gredi ngumu ilikupa uso wenye uhai, buibui likafungana. Ukitazama, ndicho alichokipata leo kwa peseptuali na relativu. Jina limebadilika, fumbo ni lilelile.

Na dawa yake haikuwa gredi peke yake. Tulikuwa tunakinga. Unakata kikadi kama umbo la buibui, unakibandika kwenye waya, unakichezesha juu ya karatasi wakati taa ya enlaja (mashine ya kukuzia picha) inawaka, sekunde nne au tano, ili sehemu ile isile mwanga mwingi. Usikitulize, kitaacha alama. Uso unauachia muda wake kamili. Mwanangu Kibatari, fanya hivyo kwenye hiyo Photoshop, kisha intenti chagua yoyote.

#7 Dafu la Pwani

Shikamoo mzee. Nyinyi wa bara la Tanzania mwasafisha picha, Nairobi waziosha. Basi zote zatakata ila ya Kibatari.

Nikiwa nimeingia, hiyo studio yaweza kuwa ipi? Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilifunguliwa mwaka 1930, na picha zake za nyeusi na nyeupe zasifika hadi leo. Mimi nilisimama mbele ya moja, mlango wa nakshi na kivuli cha adhuhuri. Kivulini mule mlikuwa na mtu ameketi, na wamwona hadi vidole. Ndipo nilipojua kivuli si mahali pa kuachwa tupu.

#8 Kibatari

Dafu, nyuma ya picha kuna mhuri lakini umefutika, herufi mbili tu zinasomeka. Mama anasema ilikuwa Darajani, khalati yake anasema Shangani. Tumeliacha.

Mzee wetu shikamoo, nimekuelewa. Dada Sanifu, kisanduku hakikuwa na tiki. Kesho nachapa mkanda wa majaribio, vipande 21 kutoka nyeusi hadi nyeupe, kila intenti mara moja.

#9 Mgeni wa Muscat

Assalaam alaykum. Mimi natumia Epson ya wino wa pigmenti yenye weusi wa ngazi tatu, ule mfumo wa K3 uliotoka mwaka 2005. Humo mna modi ya Advanced Black and White. Ukiiwasha, Photoshop unaiambia printa isimamie rangi yenyewe, na profaili haihusiki. Intenti inakuwa haina kazi. Kijivu kinajengwa kwa wino mweusi, mweusi hafifu na mweusi hafifu zaidi, rangi nyingine zinaongezwa kidogo tu kurekebisha toni. Tangu nihamie huko sijarudi kwenye profaili kwa picha za kijivu.

Tahadhari moja: modi hiyo kwa kawaida inakuja imewekwa toni ya kukoleza. Mtu asipoiangalia, analalamikia giza ambalo kalichagua mwenyewe.

#10 Wino Sita

Mgeni, ushauri mzuri lakini L805 haina kitu hicho. Ina weusi mmoja, samawati na samawati hafifu, majenta na majenta hafifu, na njano. Kijivu chote cha uso wa bibi kinapikwa kwa rangi. Nimewahi kuweka kioo cha kukuzia juu ya shavu la bibi harusi kwenye chapa ya kijivu: vitone vya majenta na samawati vimetapakaa kama dengu kwenye ungo, vyeusi vya kuhesabu. Ndiyo maana ofisini kwangu, chini ya tyubu, picha ileile inaonekana ina ukijani, na mteja akitoka nje juani inatulia.

Nauliza: ukijani huo nao unatibiwa kwa intenti?

#11 Sanifu_Nrb

Hapana. Intenti inaamua picha inakunjwaje ili iingie chumbani. Ukijani unatokana na mchanganyiko wa wino wenyewe na taa unayotazamia. Profaili nzuri iliyopimwa kwa printa yako na karatasi yako itaupunguza. Ukibadilisha intenti ukaona ukijani umehama, ujue majedwali ya kugeuzia rangi ndani ya profaili hiyo hayakutengenezwa kwa uangalifu.

#12 Kibatari

Nimerudi wakuu. Nilichapa usiku, nikaziacha zikauke hadi asubuhi, nimezitazama barazani kwenye kivuli.

Relativu bila BPC: vipande vinne vya mwanzo ni weusi mmoja. Nimevifunika mipaka kwa karatasi, nimevitazama pembeni, nimemwita na mdogo wangu mwenye macho makali. Hakuna anayeweza kusema kimoja kinaishia wapi. Cha tano ndicho kinaanza kujitenga.

Relativu yenye BPC: vyote vinaonekana, ila viwili vya kwanza vinakaribiana sana.

Peseptuali: vyote vinaonekana vizuri, lakini vya katikati vimekuwa vyeupe zaidi kuliko kwenye ile ya BPC. Nimeviweka bega kwa bega, kipande cha 9 cha peseptuali kinafanana na cha 10 cha BPC.

Sacharesheni: sioni tofauti na peseptuali.

#13 Sanifu_Nrb

Kazi safi sana, Kibatari, umetupa kitu cha kushika. Tazama hesabu yake.

Vipande 21 kutoka 0 hadi 255 vinapanda kwa 13 hivi: 0, 13, 26, 38, kisha 51. Kama faili lako ni sRGB (uwanja wa rangi wa kawaida wa skrini), weusi wa L 16 unaangukia kwenye thamani ya 39 hivi. Maana yake vipande vinne vya kwanza viko chini ya sakafu na cha tano kiko juu yake. Ndicho ulichokiona kwa macho barazani. Ungekuwa na karatasi ya kung'aa yenye L 4, sakafu ingekuwa kwenye 14 hivi, ungepoteza viwili tu.

BPC nayo inafanya hivi: inainua giza lote kwa pamoja hadi sakafuni, na weupe inauacha palepale. Kwa sakafu ya 16, L 0 inakuwa 16, L 5 inakuwa 18, L 10 inakuwa kama 21. Mikunjo miwili iliyoachana kwa 5 sasa imeachana kwa 2 na kitu. Ipo, lakini imebanwa. Ngozi yenye L 45 inakuwa 47, jicho halishtuki. Kwa hiyo BPC haiwezi kumpakaza bibi majivu. Majivu yanatoka kwenye jedwali la peseptuali la profaili hiyo.

#14 Fundi wa Mwenge

Dada Sanifu, la sakafu nimelikubali, mkanda umesema. Kwa picha za kijivu nilikuwa nasema vile kwa sababu minilab yangu (mashine ya dukani ya kuchapa picha) inapokea sRGB na kutoa picha, intenti hainiulizi.

Lakini la uso bado sikubali kwamba mwenye kosa ni peseptuali. Kibatari, kwenye draiva (programu inayoendesha printa) ulichagua aina gani ya karatasi? Profaili ya muuzaji ilipimwa kwa aina moja tu. Ukichagua nyingine, kiasi cha wino kinabadilika na profaili inasema uongo kwenye intenti zote. Na je, ulizima usimamizi wa rangi wa draiva? Vikiwa viwili vinafanya kazi pamoja, Photoshop na draiva, kila kitu kinaenda kombo.

#15 Dafu la Pwani

Fundi, la draiva ni la kuulizwa, lakini mie nimeona kwa macho yangu. Karatasi moja ya mati, printa moja, profaili mbili za programu mbili tofauti. Kwa relativu yenye BPC, chapa zalingana, wazichanganya mezani huzitambui. Kwa peseptuali moja yakoza, moja yapauka. Shirika la ICC, lenye kuweka kanuni za profaili, lipo tangu 1993, lakini peseptuali kwenye profaili za toleo la 2 lilimwachia mtengenezaji aikunje picha aonavyo. Huyu atunza vivuli, yule atunza nyuso. Toleo la 4 liliweka marejeo ya pamoja, na profaili nyingi twazopewa na wauza karatasi zingali za toleo la 2.

Ndiyo maana mtu akiniambia peseptuali ni bora, namuuliza: ya nani?

#16 Wino Sita

Na hiyo BPC si kitu cha Adobe, wenye Photoshop, peke yao? Nimesoma mahali kwamba programu nyingine zinakokotoa tofauti.

#17 Sanifu_Nrb

Ilianza kwa Adobe, ndiyo. Mwaka 2015 ikawekwa kwenye kiwango cha ISO 18619, kwa hiyo njia ya kukokotoa iko wazi kwa yeyote.

Na Kibatari, usamawati wa absoluti nimeusahau. Relativu na absoluti zinasoma jedwali moja ndani ya profaili. Tofauti ni weupe tu. Relativu inasema weupe wa faili ndio weupe wa karatasi, basi. Absoluti inataka weupe wa faili utoke kama ulivyopimwa. Weupe wa sRGB ni ule unaoitwa D65, una ubaridi (usamawati) ukilinganisha na weupe wa D50 ambao ndio marejeo ya profaili, kwa hiyo printa inamwaga wino hafifu kwenye sehemu zilizopaswa kubaki karatasi tupu. Kazi ya absoluti ni kuigiza, kwa mfano kumwonyesha mteja kwenye karatasi nzuri gazeti litakavyotoka. Picha ya ukutani usiichape hivyo.

#18 Mgeni wa Muscat

Ahsante Bi Sanifu, hilo la jedwali moja sikulijua. Mimi nilidhani ni mbili.

Kibatari, usiidharau karatasi yenyewe. Mati ina sakafu ya juu, hakuna intenti itakayoichimba. Picha yenye buibui na pazia la giza ningeichapa kwenye baraita (karatasi ya picha yenye weusi mzito) au nusu-kung'aa, hapo mjadala wote huu unapungua.

#19 Chumba cha Giza

Hapo Mgeni nami tunatengana. Picha za studio za miaka ile nyingi zilikuwa na weusi laini, na mati inaupa uso wa mtu mzima utulivu. Kung'aa kunarudisha taa ya chumbani, unajiona mwenyewe badala ya kumwona bibi.

Nauliza jambo moja ambalo hamjaliuliza. Kwenye picha ya asili, uso wa bibi uko vipi? Kibatari analinganisha chapa na skrini. Skrini inatoa mwanga, karatasi inaupokea. Chukua ile kadi ndogo, iweke kando ya chapa zote mbili, taa moja.

#20 Kibatari

Mzee, Mungu akuzidishie umri. Nimefanya ulivyosema na nimekaa kimya saa nzima.

Kwenye kadi, uso uko kati ya chapa mbili. Si mweupe kama wa peseptuali, na si mzito kama wa BPC. Kumbe nilikuwa namlinganisha bibi na skrini.

Fundi, draiva nilikuwa nimezima usimamizi wa rangi, lakini aina ya karatasi nilichagua mati kwa kubahatisha, muuzaji hakuniandikia. Nimempigia, naye hakumbuki profaili ilipimwa kwa ipi. Kwa hiyo lako bado liko hai.

Nilichofanya: relativu, BPC ikiwa na tiki, kisha nimekinga kama mzee alivyofundisha. Nimechora umbo la buibui, nikainua giza la ndani yake tu, mikunjo ikaachana kabla ya kubanwa. Uso nimeuinua kidogo sana. Nimechapa mbili, ya pili ndiyo niliyoibakiza.

Nimempelekea mama. Ameishika kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani, akaonyesha pale kifuani kwenye mikunjo: "Hapa ndipo alipokuwa akificha funguo za kabati." Mimi pale nilikuwa naona mkunjo tu.

#21 Fundi wa Mwenge

Hongera sana mkuu. Ila kabla hujachapa za kuwagawia ndugu, nunua pakiti nyingine ya karatasi ileile, chapa ule mkanda kwa kila aina ya mati iliyomo kwenye draiva, utuletee. Nina uhakika ile peseptuali ilionewa.

#22 Sanifu_Nrb

Haikuonewa. Lakini mkanda auchape, tuone.

#23 Dafu la Pwani

Kibatari, ukileta, tia na tarehe na wino una muda gani tangu ufunguliwe. Na huo mhuri wa nyuma uskani kwa mwanga wa pembeni, huenda zikasomeka herufi zaidi ya mbili.